Nilikuwa Nachungulia Tu: Lalamiko Kuhusu Fomu Inayozaa Maswali

Kwa Ndugu Mbunifu wa Fomu za Mtandaoni,
Ofisi ya Leseni za Biashara Ndogo.

Ndugu Mbunifu,

YAH: MASWALI YANAYOFUNGUKA BAADA YA KUBONYEZA, NA MADHARA YAKE KWA KARAKANA YA MAKOCHI

Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya na umekaa kwenye kiti kilichotengenezwa vizuri. Jina lako silijui. Nimelitafuta kwenye fomu kuanzia juu hadi chini, nikaambulia swali moja tu mkiani: Je, una maoni kuhusu fomu hii? Nikabonyeza Ndiyo. Yakafunguka maswali sita, yakitaka kujua maoni yangu ni ya aina gani, yanahusu ukurasa upi, na kama nimewahi kuwa na maoni siku za nyuma. Nikabonyeza Hapana, nikaenda kununua karatasi. Karatasi ina adabu. Ukiiandikia mstari mmoja haikuongezei mitatu.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ni fundi wa makochi, na kazi hii naifanya mwaka wa thelathini na moja sasa. Karakana yangu ni chumba kimoja kirefu chenye mlango mpana wa kijani unaotazama barabara. Upande wa kushoto niko mimi, na mbao, misumari, sponji na gundi. Upande wa kulia, dirishani, yuko mwenzangu na cherehani zake mbili. Yeye hushona foronya za mito, vifuniko vya makochi, na mapazia. Mtaa mzima unamwita Bi Mkasi, kwa kuwa mkasi wake haushikwi na mtu mwingine, hata mimi, na niliwahi kujaribu. Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na moja. Yeye ni mjane. Mimi mke wangu alifariki miaka kumi na minne iliyopita, Mungu amrehemu. Haya yote nakueleza mwenyewe, bila kubonyezwa, ili uone jinsi mtu muungwana anavyotoa habari zake.

Mwaka huu mmetangaza kwamba leseni zote ziombwe mtandaoni, na karakana isiyo na leseni itapigwa kufuli. Sina ubishi. Nilichukua simu, nikaketi kwenye stuli, nikaanza kujaza kwa moyo safi. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Maswali yako yanajificha.

Swali la tisa linauliza: Je, kuna mtu mwingine anayefanya kazi nawe? Nikabonyeza Ndiyo, kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa hatua nne kutoka nilipoketi, anapiga pasi. Hapo likachomoza swali lingine ambalo halikuwepo: Mtu huyo ni nani kwako? Na chini yake viduara vitano: Mwajiriwa. Mshirika wa kazi. Ndugu wa damu. Mume au Mke. Mwingine (eleza).

Ndugu Mbunifu, mimi natengeneza pia yale makochi yanayofunguka yakawa kitanda. Mteja kabla hajakalia, namwonyesha. Hapa unavuta, hapa panafunguka, hapa usiweke vidole. Sijawahi kumwacha mtu akae na kikombe mkononi, kisha kochi limfungukie. Wewe umefanya hivyo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba chini ya kiduara hiki pana maswali mawili na chini ya kile pana saba. Sasa mtu afanye nini? Si lazima achungulie?

Basi nikachungulia. Mwajiriwa akaja na maswali ya mkataba na likizo, na mimi ndiye ninayemwomba Bi Mkasi ruhusa nikitaka kutoka mapema. Mshirika wa kazi akaja na swali moja kavu: alianza lini. Ndugu wa damu akataka kujua ni upande wa baba au wa mama. Mwingine akafungua kisanduku kidogo, nikaandika: Mtu muhimu sana kwa. Kikagoma. Umempa mtu herufi ishirini za kueleza miaka kumi na moja.

Kikabaki kiduara kimoja ambacho sijakijaribu. Naomba iingie kwenye kumbukumbu za ofisi kwamba nilikibonyeza kwa uchunguzi wa kitaalamu.

2. Ukishabonyeza, maswali yanakuvuta kwa ndani.

Chini ya Mume au Mke yalifunguka manne. Jina la mwenza: nalijua. Namba yake ya simu: naijua kwa kichwa, na yangu mwenyewe huwa naiuliza. Mmekuwa pamoja miaka mingapi: nikaweka kumi na moja, ambayo ni hesabu ya kweli, kama huamini uliza mtaa. La nne likasema: Eleza mchango wa mwenza wako katika biashara, usizidi herufi mia tano.

Mia tano. Kwa Mwingine umenipa ishirini, kwa Mke umenipa mia tano. Halafu watu wanaulizana kosa ni la nani.

Nilianza kuandika saa tano asubuhi. Kuja kuinua kichwa, ni saa saba kasoro, gundi imekaukia kwenye brashi. Nilichoandika nakinukuu hapa, kwani ofisi yenu mnacho tayari, na kama utakavyoona, kimeshasomwa na watu wengi:

"Yeye ndiye huniambia kochi limepinda kabla mteja hajaliona. Nikigombana na mbao huninyang'anya nyundo, kisha hunipa chai. Akishona mapazia huimba, akishona foronya haimbi, na sijawahi kumuuliza kwa nini. Siku asipokuja, hapa ni ghala la mbao na mimi ni mlinzi. Kila asubuhi nasikiliza kwanza kama cherehani imeanza. Nikiisikia, nakuwa sawa."

Ulikuwa uchunguzi tu. Fundi akijaribu kochi lazima alikalie kwa uzito wake wote.

3. Lalamiko hili nimelifuta mwenyewe kwa kalamu, mistari saba ya wino, nimeirudia mara mbili. Nakuomba uangalie vizuri na ujifunze. Kitu kimeandikwa, kimefutwa, kimekwisha. Hivyo ndivyo kufuta kunavyotakiwa kuwa.

4. Fomu yako inaficha, haifuti.

Baada ya kuandika niliogopa. Nikarudi juu, nikabonyeza Mshirika wa kazi. Yale maswali manne yakajikunja yakapotea, pamoja na maneno yangu yote. Nikashusha pumzi. Nikabonyeza Tuma, nikaosha brashi, nikala chakula changu.

Kesho yake, saa nne na robo, simu ya Bi Mkasi ikalia mezani. Yeye alikuwa amenyoosha pazia kwa mikono miwili, pini sita zimebanwa mdomoni, miwani iko juu ya kichwa. Mwenye pazia alikuwepo, naye ni mwalimu wa chekechea, mtu aliyezoea kusoma kwa sauti ya kuwafikia watoto sitini hadi wa mwisho ukutani. Bi Mkasi akamwashiria kwa kidevu, yaani nisomee. Mwalimu akasoma.

Akasoma kwamba ofisi yenu inamjulisha Bi Mkasi kuwa ametajwa kama mke wa mwombaji wa leseni. Akasoma kwamba maelezo ya mwombaji ni kama ifuatavyo. Kisha akayasoma maelezo, kuanzia kochi lililopinda mpaka kwenye nakuwa sawa, akiweka vituo vyote mahali pake. Fundi viatu wa jirani, aliyekuja kuazima gundi, akakaa chini bila kukaribishwa. Mimi nilikuwa nimelala chini ya fremu ya kochi, nafunga springi. Nikaendelea kulala. Kama ungenipiga picha ungedhani ni mtu anayefanya kazi.

Ujumbe ulikuwa na mkia. Mwalimu alipofika hapo sauti yake ikashuka yenyewe: Angalizo, mwombaji baadaye alibadilisha jibu lake kuwa Mshirika wa kazi, hivyo unaombwa kujibu Thibitisha au Kana ndani ya siku kumi na nne. Ukikana, maombi ya leseni yatafutwa.

Bi Mkasi akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kijito chake cha pini. Akashusha miwani, akasoma mwenyewe. Aliposoma ule mkia aliusoma mara mbili, nilimwona, kwa sababu chini ya kochi unaona vizuri sana. Kisha akaifunika simu kwa foronya, akaketi, akaendelea na pazia. Hakuimba.

5. Hali ya karakana tangu siku hiyo.

Leo ni siku ya kumi na moja. Bi Mkasi anakuja kwa wakati, anashona, anaondoka kwa wakati. Nami anazungumza kwa kupitia vitu. Tukiwa wawili tu chumbani, analiambia kochi kwamba fundi aelezwe sponji imekwisha. Juzi aliisalimia nyundo yangu. Chai anaendelea kuleta, kikombe anakiweka pale pale pa siku zote, lakini anakiweka kama mtu anayepiga muhuri.

Siku ya nne aliniuliza swali moja kwa mdomo wake. Aliuliza, "Kwa nini ulirudisha?" Nikafurahi kupata nafasi ya kujieleza. Nikamweleza kwa ufasaha kabisa kwamba nilirudisha ili fomu ionyeshe hali halisi ya kisheria ya karakana. Nilitumia hata neno taratibu. Akaukata uzi kwa meno, na mkasi ulikuwa mkononi mwake. Nimeyapitia majibu yangu mara nyingi tangu hapo na sijaona yalipokosea.

Kama hiyo haitoshi, habari zikamfikia dada yangu mkubwa. Ndugu Mbunifu, usidhani umevumbua kitu. Dada yangu ni fomu yako yenye miguu. Ukimjibu kwamba umekula, anataka kujua umekula nini, nani amepika, na kwa nini huyo ndiye aliyepika. Alikuja, akaketi kwenye kochi la mteja, akaniuliza kama ni kweli nimeoa bila kumwambia. Nikasema hapana. Akauliza kama ningependa. Hapo nikakumbuka kwamba kuna msumari nimeuacha nje. Angalau dada yangu hupumzika akinywa maji. Fomu yako hainywi maji.

6. Vitufe viwili havitoshi.

Akibonyeza Kana, maombi yanafutwa, mnakuja na kufuli lenu, na watu wawili wazima wanakosa kazi. Akibonyeza Thibitisha, anaingia kwenye vitabu vya ofisi kama mke wa mtu ambaye hajamposa. Hajabonyeza chochote. Zimebaki siku tatu. Kila simu yake ikilia najigonga kidole, na sasa vidole vilivyobaki vizima ni saba.

Nikisema ukweli, kufuli siliogopi sana. Makochi naweza kuyatengenezea uani. Ninachokiogopa ni kuliona jibu lake. Kwa miaka kumi na moja sikumuuliza, kwa hiyo hakuwahi kukataa, na mimi niliridhika na mpangilio huo. Fomu yako imeuliza kwa niaba yangu, mbele ya mwalimu na fundi viatu, na sikuiagiza ifanye hivyo.

Kwa hiyo, Ndugu Mbunifu, kwa heshima na taadhima naomba ofisi yako itekeleze mambo yafuatayo kabla ya siku tatu kuisha.

Kila kiduara kiandikwe pembeni yake idadi ya maswali kiliyoyaficha, na pale penye hatari pawekwe rangi nyekundu. Mtu akirudi nyuma, alichoandika kiteketezwe mbele ya macho yake, ikiwezekana moshi uonekane. Kwenye ujumbe wa Bi Mkasi kiongezwe kitufe cha tatu, baina ya Thibitisha na Kana, kisomeke: Alikuwa anachungulia tu.

Aidha, naomba utengeneze fomu moja maalumu na kumtumia yeye. Ianze na swali jepesi: Je, umekasirika? Akibonyeza Ndiyo, yafunguke mawili: Je, ni kwa sababu aliandika? Je, ni kwa sababu alirudisha? Hayo nimeyaweka kwa kubahatisha, wewe ndiye mtaalamu. Majibu yaletwe kwangu kwa maandishi.

Na kwa kuwa tatizo lenyewe haliko kwenye simu peke yake, naomba ofisi ifikirie kupanua utaratibu huu kwa wananchi wote. Kila mtu atembee na kibandiko kifuani chenye idadi ya maswali yaliyo nyuma ya kila jibu lake. Bi Mkasi akisema yeye hajambo, kibandiko kionyeshe kwamba hapo pana maswali manne. Mtu ajue kabla hajasogea. Dada yangu atahitaji kibandiko kikubwa, hicho nitamshonea kwa turubai.

Mkishindwa yote hayo, basi uje wewe mwenyewe. Mlango ni wa kijani, mkabala na fundi viatu, hupotei. Utaketi kwenye stuli katikati ya chumba, umtazame Bi Mkasi, umwambie kwamba ni wewe uliyesababisha haya yote. Kwa usumbufu wako nitakutengenezea kochi la watu wawili ambalo halifunguki kabisa, hata ukilisukuma.

Nisalimie mkuu wako wa ofisi, mlinzi wa getini, na wote mnaokaa nao chumba kimoja. Yule anayeandika ujumbe wa Thibitisha na Kana mwambie sina kinyongo naye, ila asiwe anaweka Angalizo mwishoni, aliweke mwanzoni watu wajiandae. Mama yako, kama yupo, mpe salamu za pekee, na mweleze kwamba wewe una kipaji lakini unahitaji kusimamiwa.

Ni mimi, ninayesubiri nikiwa chini ya kochi,

Fundi wa Makochi, mlango wa kijani.

Baada ya kusaini:

Ndugu Mbunifu, simamisha kila kitu.

Barua zangu zote husomwa na Bi Mkasi kabla sijafunga bahasha, kwa sababu mimi husahau vituo. Leo alipoiona bahasha alinyoosha mkono, akiwa bado hasemi nami, na mimi kwa mazoea ya miaka kumi na moja nikampa. Nilikumbuka ilivyoandikwa alipokuwa ameshafika ukurasa wa pili.

Alisoma akiwa amesimama. Alipofika lalamiko la tatu akaiinua karatasi dirishani, jua likapita kwenye wino wangu wote, akalisoma neno kwa neno kana kwamba sijalifuta. Basi na wewe sasa lijue, maana hakuna tena cha kuficha. Niliandika hivi: "Nilipobonyeza kurudi nyuma, fomu haikuniuliza kama nina hakika. Ingeuliza, ningesema sina."

Alimaliza barua nzima. Kisha akaniambia, si kwa kupitia kochi, akaniambia mimi: "Nilikuuliza kwa nini ulirudisha. Wewe hukuniuliza kwa nini nauliza."

Nikamuuliza. Alichonijibu hakihusu ofisi ya leseni.

Akaifunua simu, akabonyeza Thibitisha, nami nilikuwa nimeshika mguu wa kochi kwa mikono miwili. Kwa hiyo naomba maombi yangu yote ya hapo juu yafutwe, na nikisema yafutwe nina maana yafutwe kwa njia yangu, si yako. Usiandike idadi ya maswali kando ya viduara; ningejua kilichoko chini ya kile cha nne nisingekigusa mpaka naingia kaburini. Usiteketeze alichoandika mtu. Kitufe cha tatu usikiweke, wataalamu wa uchunguzi kama mimi watakikimbilia wote. Na ile fomu ya Bi Mkasi haihitajiki tena, majibu nimepewa kwa mdomo.

Limebaki jambo dogo. Chini ya Thibitisha yamefunguka maswali mengine matatu. Mawili Bi Mkasi ameyajaza bila kuniuliza. La tatu ni Tarehe ya ndoa, lina kinyota chekundu na halirukiki. Tumejaribu mwezi ujao, fomu imekataa. Tumejaribu Jumamosi, imekataa. Inaonekana uliitengeneza kwa ajili ya watu waliokwisha kuoana, na inakubali tarehe ya leo au zilizopita tu.

Nilitaka nikuandikie lalamiko la saba. Bi Mkasi ametazama saa ya ukutani, akasema leo inawezekana, mradi amalize kwanza pazia la mwalimu. Ameshaanza kulishona, na anaimba.